Mzabibu wa Mutuini

Miaka ishirini na sita nilichora kontua
katika afisi ya ramani kule Ruaraka,
kalamu nyembamba kama unywele, wino wa kahawia,
nikiteremka Bonde la Ufa bila kuteleza,
futi hamsini, futi hamsini tena.
Ukingoni mwa Kikuyu mistari hubanana
kama watu wanaokimbilia mlango mmoja;
kule chini, kuelekea ziwa, hulegea, hutandawaa.
Nchi yote niliijua kwa ncha ya kalamu.
Vumbi lake sikulijua.

Kisha pensheni, na kiploti cha Mutuini:
udongo mwekundu, mteremko,
ukuta wa mawe unaotazamana na vilima vya Ngong.
Sironka, aliyekuwa akitushikia fimbo za vipimo,
akaniletea kijiti ndani ya gazeti lililoloweshwa,
amekikata shambani Naivasha kwa ruhusa ya mlinzi.
"Njambi, mti huu hutaka mlima nyuma
na bonde mbele. Wewe unavyo vyote,
ila umekaa upande wa mgongo."

Mulwa akafunga nyaya ukutani, akicheka:
"Mnyama gani huyu wa kufugwa amesimama?"
Miaka miwili ukapanda, ukashika paa,
majani mapana kama viganja vya waombaji,
na zabibu hata moja ya kumpa mtoto.

Nilichelewa kuelewa: ulikuwa haulali.
Kwao, theluji huja kuufunika macho.
Nairobi haina usiku wa mwaka;
Julai yetu haiui, inanuna tu,
wingu limekaa juu ya Ngong kama mgeni asiyeaga.
Basi usingizi ikabidi niutengeneze mimi.
Nikaunyima maji wiki tano.
Nikachuma jani baada ya jani hadi vidole vikawa vyeusi,
nikapogoa, nikaacha macho mawili mawili.
"Umemchuna kuku akiwa hai," akasema Mulwa.

Agosti ukalia.
Kila kidonda tone, siku tatu,
maji safi, hayana ladha; niliyaonja.

Halafu macho yakafumbuka, ya waridi, yenye manyoya.
Nikanyunyiza salfa, nikatandaza chandarua kikuukuu,
na bado shore walijua tundu lilipo.
Novemba mvua ikaja kabla ya zamu yake,
ukungu ukala vichala vya chini.
Vilivyobaki, Krismasi ilipokaribia, kilo nne na nusu
kwa mizani ya muuza sukari.

Nilizikamua kwa mikono ndani ya sufuria ya ugali.
Usiku nikisikia zikinong'ona chini ya kitambaa,
nikaamka mara mbili kuhakikisha si mvua.
Zikatoka chupa mbili.
Moja ikageuka siki, tukaila na kachumbari.
Ya pili tuliifungua Machi, sote watatu, kwa vikombe vya chai.

Mulwa akakunja uso, akaongeza.
Sironka akanyamaza muda mrefu, akasema, "Jiwe.
Ina ladha ya jiwe lililonyeshewa."
Akaitisha ramani, nakala yangu ya zamani,
akaweka ukucha mahali ambapo mistari yangu
inapita laini kama shuka iliyopigwa pasi.
"Hapa pana korongo. Nilishika fimbo ndani yake,
maji hadi magotini. Nilikuita, ulikuwa unaandika."

Nakumbuka siku ile. Mwanangu alikuwa wodini,
namba nilizipokea kwa sikio moja,
na ramani ikapigwa muhuri, ikachapishwa, ikauzwa,
na watu wakatembea nayo.

Nikachovya kidole katika mashapo ya kikombe
nikalichora korongo lake, kutoka juu kushuka.
Likakauka vibaya, la zambarau, pana mno,
pana kama mto usiokuwepo.
Sironka akainama, akapima kwa jicho moja.
"Kidogo kushoto," akasema.
Mulwa akauliza kama chupa imeisha.